Jicho la Mkulima na Jicho la Mtambo

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Usemi huu huambiwa sana wenye maduka, lakini sisi tunaona kwamba unawahusu wakulima zaidi kuliko watu wengine wote. Na baada ya wakulima unawahusu wale wanaokaa ofisini na kuamua mkulima ahimizwe kupanda mbegu gani.

Katika mji wa Kigali, kilima cha Kacyiru ni kilima cha ofisi. Huko ndiko iliko Wizara ya Kilimo na Ufugaji ya Rwanda, pamoja na ofisi nyingine kadha wa kadha za serikali. Anayesimama huko asubuhi, umande ungali juu ya nyasi, huyaona mabonde chini yake, na ng'ambo ya mabonde vilima vingine, na nyuma ya vilima hivyo vilima vingine tena. Nchi nzima haina zaidi ya kilometa za mraba 26,338. Aghalabu shamba la familia moja halifiki hekta moja. Katika nchi ya namna hiyo, mbegu mbaya haina mahali pa kujificha: ikishindwa msimu mmoja, sufuria hubaki tupu msimu huo huo.

Sasa tuwaze karatasi moja juu ya meza katika ofisi yoyote ya kilimo. Karatasi hiyo inasema kwamba aina fulani ya maharage imezaa vizuri, haishiki maradhi upesi, na ina chuma kingi. Hizo ni tarakimu tatu au nne tu. Lakini nyuma yake kuna mtu aliyekwenda shambani, akainama, akatazama, akaandika. Alitazama kwa jicho gani? Je, mwenzake angeandika vile vile? Na ikiwa siku hizi ni mtambo ndio unaotazama, nani aliufundisha mtambo huo kuona? Hilo ndilo swali la makala haya.

JICHO HUDANGANYWA NA BONDE

Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulifundishwa kukadiria umbali kwa jicho. Siku moja, tukiwa juu ya kilima, tuliulizwa mti mmoja uliokuwa ng'ambo ya bonde uko umbali wa mita ngapi. Tulijibu kwa kujiamini kwamba ni mita mia nne. Ulipopimwa kwenye ramani ulikuwa karibu mita mia saba. Mkufunzi hakutucheka. Alitueleza kwamba bonde hulidanganya jicho, kwa kuwa macho huruka juu ya shimo wala hayaihesabu ardhi iliyo ndani yake. Kisha akatuagiza tuandike kosa letu katika daftari, ili kila mmoja ajue jicho lake linapotea kwa kiasi gani na upande gani.

Tangu siku hiyo hatukulidharau jicho, wala hatukuliamini bila kulipima. Katika kilimo mambo ni hayo hayo. Mtaalamu wa mbegu hupanda mamia, na pengine maelfu, ya vishamba vidogo vya majaribio. Kila kishamba kina aina yake. Inampasa apime urefu wa mmea, siku za kuchanua, wingi wa majani, ukali wa maradhi, uzito wa punje na sifa nyingine nyingi. Sifa hizi zote zinazojitokeza katika mmea, zitokanazo na mbegu yenyewe, na ardhi, na mvua, na matunzo, wataalamu huziita kwa jina moja, fenotipu. Sisi tutaziita umbile la mmea.

Mara nyingi maradhi hupimwa kwa kipimo cha moja hadi tano. Moja ni mmea mzima, tano ni mmea ulioharibika kabisa. Anayepima saa moja asubuhi angali na nguvu. Saa nane mchana, jua likiwa kali na vishamba mia tatu vikiwa vimekwisha kupita mbele ya macho yake, tatu na nne huanza kufanana. Siku hizi wataalamu wanaweza kuzisoma chembe za urithi za mmea kwa haraka na kwa gharama ndogo kuliko zamani. Lakini kusoma chembe za urithi bila kujua mmea ulifanya nini shambani ni kama kuwa na orodha ya majina ya askari bila kujua nani alifika uwanjani. Kwa hiyo kazi imekwama kwenye upimaji, na ndiyo sababu vyombo vya kuhisi na kompyuta vimeitwa kusaidia.

WANAWAKE WALIOALIKWA KITUONI

Kabla ya kuieleza mitambo, haki inatudai tueleze jambo lililotokea Rwanda kwenyewe, wakati ambapo hapakuwa na mitambo ya namna hiyo.

Kuanzia mwaka 1988, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, iliyokuwa ikijulikana wakati ule kwa kifupi ISAR, ilishirikiana na CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto chenye makao yake Kolombia, katika jaribio ambalo halikuwa la kawaida. Kwa desturi, watafiti ndio waliokuwa wakichagua aina za maharage kituoni kwa misimu mingi, na mkulima alioneshwa chache zilizobaki mwishoni. Safari hii wakulima walioaminiwa na majirani zao kuwa mabingwa wa maharage, wengi wao wanawake, waliitwa kituoni mapema, watazame aina kumi na tano za maharage mafupi, wachague wenyewe, kisha waende wakazipande makwao.

Ni lazima msomaji ajue kwamba mkulima wa Rwanda kwa jadi hapandi aina moja ya maharage. Hupanda mchanganyiko: meusi, mekundu, yenye madoa, ya njano. Yeye mwenyewe huubadili mchanganyiko huo kulingana na udongo na msimu. Mwanamke anayetunza mbegu hizo huyajua maharage yake mmoja mmoja, kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Anajua lipi litavumilia kivuli cha migomba, lipi litaoza mvua zikizidi, na lipi linaweza kuachiwa udongo uliochoka.

Louise Sperling na wenzake walitoa taarifa ya jaribio hilo mwaka 1993. Aina zilizochaguliwa na wanawake hao, zilipopandwa katika mashamba yao, mara nyingi zilizaa kuliko mchanganyiko wao wa zamani, na ziada ilifika hadi asilimia 38. Aina zilizochaguliwa na wataalamu peke yao hazikufanya vizuri kiasi hicho. Jicho la mkulima lilikuwa limepima mambo ambayo daftari la kituo halikuwa na safu ya kuyaandika.

Hata hivyo jicho hilo lina udhaifu mmoja mkubwa: hufa pamoja na mwenyewe. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda ilipoteza watu wake, na pamoja nao ujuzi ambao haukuwa umeandikwa popote. Mwaka huo huo vituo vya utafiti vya kimataifa vilianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, ili kurudisha mbegu nchini, zikiwemo mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa katika ghala za nje. Baadaye ilionekana kwamba maharage ya wakulima yenyewe hayakuwa yamepotea kwa kiasi kilichohofiwa. Lakini mbegu kuwepo ni jambo moja. Kujua kila mbegu inafaa wapi ni jambo jingine. Tunaposema mali bila daftari, hili ndilo daftari tunalolitaja.

SIFA ISIYOONEKANA KWA MACHO

Tena ziko sifa ambazo hata bingwa wa mabingwa hawezi kuziona. Mfano ulio karibu ni chuma.

Mwili ukikosa chuma, damu hupungua nguvu, na wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto. Maharage ni chakula cha kila siku Rwanda, na kwa hiyo watafiti walijiuliza: badala ya kugawa vidonge peke yake, je, chuma hakiwezi kuongezwa ndani ya punje lenyewe kwa njia ya kuzalisha mbegu? Maharage ya kawaida yana karibu miligramu 50 za chuma katika kila kilo moja. Lengo lililowekwa lilikuwa miligramu 94. Mwaka 2010 na mwaka 2012 Rwanda ilitoa kwa wakulima aina kumi za maharage yenye chuma zaidi, mafupi na ya kutambaa.

Viazi vitamu vyenye vitamini A hujitangaza vyenyewe, maana nyama yake ni ya rangi ya chungwa. Maharage yenye chuma hayajitangazi. Weka punje mbili juu ya kiganja, moja ya miligramu 50 na moja ya miligramu 90, na hakuna jicho duniani litakalokuambia ipi ni ipi.

Zamani ilikuwa lazima punje zisagwe, ziyeyushwe kwa asidi kali, na maji yake yapimwe katika maabara. Kazi ya gharama na ya siku nyingi. Siku hizi upo mtambo wa eksirei unaofanya kazi kwa namna nyingine. Mtambo huipiga punje iliyosagwa, au hata punje nzima, kwa mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo hung'oa elektroni za ndani kabisa katika atomu za chuma. Elektroni nyingine hushuka kujaza nafasi, na katika kushuka huko hutoa mionzi yake yenyewe. Kila elementi hutoa mionzi yenye nguvu yake maalumu, nayo ni kama sahihi ya mtu: sahihi ya chuma haifanani na ya zinki wala ya kalsiamu. Mtambo huhesabu sahihi hizo, na kwa dakika chache hutoa jibu. Kwa namna hii sampuli nyingi zinaweza kuchujwa kwa siku moja, na zile chache zinazoahidi ndizo zipelekwe katika maabara ya asidi.

Lakini tusiuabudu mtambo. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi sana. Maharage yaliyopurwa juu ya ardhi tupu, yakabaki na vumbi kidogo katika ngozi yake, yanaweza kuonekana na mtambo kuwa yamejaa chuma, kumbe chuma hicho ni cha uwanja wa kupuria. Ndiyo sababu wapimaji huyaosha au kuyafuta maharage kwa uangalifu, na maabara hupima pia alumini, elementi iliyo nyingi sana katika udongo na chache sana katika punje. Alumini ikizidi, wanajua kwamba vumbi limeingia. Mtambo haukudanganya, ulisema kweli tupu juu ya kitu walichouwekea. Kosa lilikuwa la mikono iliyouletea sampuli chafu.

Na je, chuma hicho kilichopimwa na mtambo kilifika katika damu? Hilo halikuachwa liwe dhana. Huko Huye, kusini mwa Rwanda, wanawake vijana 195 wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kwa siku 128 kundi moja lilikula maharage yenye karibu miligramu 86 za chuma kwa kilo, na jingine maharage ya kawaida ya miligramu 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba damu ya kundi la kwanza iliongezeka nguvu kuliko ya kundi la pili. Huo, ndugu msomaji, ndio upimaji uliokamilika: kutoka punje, hadi mtambo, hadi sahani, hadi mshipa wa binadamu.

KUTAZAMA SHAMBA KUTOKA ANGANI

Wananchi wa Rwanda si wageni wa ndege zisizo na rubani. Tangu Oktoba 2016 ndege hizo zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Ndege ndogo za jamii hiyo zinaweza pia kubeba kamera na vihisi, yaani vyombo vinavyohisi nuru na joto, zikapita juu ya mashamba na kupima umbile la mimea.

Kazi yake inategemea jambo jepesi. Jani lenye afya hunywa nuru nyekundu ili litengeneze chakula chake, na hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo karibu na nyekundu, ambayo macho yetu hayaioni. Jani lenye njaa au ugonjwa hunywa nuru nyekundu kidogo, na hurudisha infraredi kidogo. Tuseme jani zima limerudisha sehemu 50 katika kila 100 za infraredi, na sehemu 8 za nuru nyekundu. Toa 8 katika 50, upate 42. Jumlisha 50 na 8, upate 58. Gawanya 42 kwa 58, jibu ni karibu 0.72. Jani lenye taabu limerudisha 40 za infraredi na 20 za nyekundu: tofauti ni 20, jumla ni 60, jibu ni 0.33. Kihisi hufanya hesabu hiyo kwa kila nukta ya picha, na shamba zima hugeuka kuwa ramani ya tarakimu.

Kihisi cha joto nacho kina somo lake. Mmea unaopata maji hutoa mvuke katika vitundu vya majani yake na hivyo kujipoza, kama mtu anayetoka jasho. Ukame ukiubana, hufunga vitundu hivyo na jani hupata joto. Aina mbili zilizopandwa ubavu kwa ubavu siku moja ya jua kali, moja ikabaki baridi na nyingine ikapata joto, zimekwisha kueleza habari nyingi juu ya mizizi yao kabla hata ya jani moja kunyauka.

Ama urefu wa mmea, kompyuta huupata kwa hila ambayo mwanajeshi ye yote aliyejifunza ramani ataitambua. Ukiutazama mti kutoka sehemu mbili zinazojulikana, mistari miwili hukutana mahali pamoja tu, nawe ukajua mti uko wapi. Kompyuta hupewa mamia ya picha zinazopandana, zilizopigwa kutoka sehemu mbalimbali angani, nayo hukutanisha mistari hiyo mara maelfu kwa maelfu mpaka imeinua sanamu nzima ya shamba yenye urefu, mapana na kina.

Lakini mashamba yetu si kama yale ya Ulaya au Marekani, ambako zao moja hujaza uwanda hadi upeo wa macho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kompyuta ilifundishwa kutambua mazao katika picha zilizopigwa na ndege ndogo juu ya mashamba ya Rwanda. Migomba iliitambua vizuri sana, na mahindi vizuri. Mazao ya jamii ya kunde, ambamo maharage yamo, yaliishinda kwa kiasi kikubwa. Hatuoni ajabu. Mgomba hujionesha wenyewe kwa majani yake mapana; haragwe hukaa chini yake, limejichanganya na jamaa zake. Zao lile ambalo mama wa Rwanda hulijua kuliko yote ndilo lililokuwa gumu kwa jicho la angani.

USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO

Tukiishia hapo, msomaji atadhani kwamba jicho la mkulima hushinda daima. Sivyo. Tutazame muhogo.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, kutoka kituo cha Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika ya wakati ule. Ugonjwa huu ni mnafiki. Majani yanaweza kuonekana mazuri kwa mbali, na mkulima akichimba akakuta mizizi imeoza ndani, kahawia na kavu, haifai kuliwa wala kuuzwa. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana ukienea upya nchini Uganda, na baadaye katika nchi za maziwa makuu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na taasisi ya IITA walitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru, iliyofundishwa kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa Tanzania. Ilipopimwa dhidi ya watu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020, Nuru ilipatia asilimia 65 ya majani. Mabwana na mabibi shamba walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Na ilipoachwa itazame majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Makerere nako, nchini Uganda, watafiti waliifundisha kompyuta kutazama picha za mizizi iliyokatwa na kukadiria imeoza kiasi gani, ili kipimo kile cha moja hadi tano kisitegemee uchovu wa mtu.

Kwa nini basi mkulima alishinda katika maharage na akashindwa katika majani ya muhogo? Sisi tunaliona jibu hivi. Maharage ni elimu ya vizazi; mwanamke yule alifundishwa na mama yake, na msimu ulimsahihisha kila mwaka. Ugonjwa wa muhogo ni mgeni katika sehemu nyingi, na dalili zake hufanana na za maradhi mengine. Jicho lililosahihishwa mara nyingi huona vizuri. Jicho lisilosahihishwa hukisia. Kompyuta nayo iko chini ya sheria hiyo hiyo. Wenye kuitengeneza Nuru walikwisha kuona mwaka 2019 kwamba ilipokutana na dalili hafifu, badala ya zile kali zilizo wazi, uwezo wake ulishuka sana. Na dalili hafifu ndizo zenye faida, maana mgonjwa anayetambuliwa akiwa mahututi hatibiki.

Mabaharia wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Kompyuta iliyofundishwa kwa mashamba ya nchi nyingine, chini ya jua jingine, kwa udongo wa rangi nyingine, itatoa jibu hata ikiletwa katika vilima vyetu. Haitasema kwamba haijui. Itatoa tarakimu safi zenye desimali mbili, na mtu aliyeko mbali na shamba atazipokea kwa furaha. Hapo ndipo hatari ilipo.

YATUPASAYO

Kwa maoni yetu, mambo matatu hayana budi kushikwa.

Kwanza, kila mtambo upimwe nyumbani kabla ya kuaminiwa. Vipande kadhaa vya shamba vipimwe kwa mikono, kwa rula, kwa mizani na kwa maabara, kisha majibu ya mtambo yalinganishwe nayo, bondeni na juu ya kilima, masika na kiangazi. Tofauti iandikwe. Mtambo ambao kosa lake linajulikana una faida kuliko mtambo unaosifiwa kwamba haukosei.

Pili, picha na vipimo vya asili vitunzwe, visitunzwe jibu la mwisho peke yake. Jibu likitiliwa shaka baada ya miaka kumi, wajukuu wa kazi hii waweze kurudi kwenye chanzo na kuhesabu upya. Nchi ambayo iliwahi kuona ujuzi wake ukitoweka katika mwaka mmoja haihitaji kuelezwa thamani ya daftari.

Tatu, mkulima aulizwe ni sifa gani ipimwe. Mtambo hujibu vizuri sana swali ulilouliza, wala haujui kwamba ungalipaswa kuuliza jingine. Tuchukue muda wa kupika. Maharage yanayokaa jikoni saa tatu hula kuni, na kuni hizo hutafutwa na mama au binti yake. Kipo chombo cha kupima jambo hilo, chenye sindano 25, kila moja imekaa juu ya punje yake ndani ya maji yanayochemka. Punje ikilainika, sindano huizama, na mpimaji huandika dakika. Ni chombo rahisi sana ukikilinganisha na ndege na kompyuta. Lakini mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo wa kuni hatakikumbuka kwa urahisi.

Jioni, watumishi wa Kacyiru wakiteremka kutoka maofisini, ng'ambo ya mabonde moshi wa majiko huanza kupanda. Ndani ya majiko hayo kuna maharage. Yako yaliyochaguliwa na bibi wa mtu kwa macho na kwa vidole, na yako yaliyopita mbele ya mionzi ya eksirei kabla ya kufika shambani. Katika sufuria moja yamechanganyika, na mtoto anayengoja sahani yake hajali ni jicho gani lililoyachagua. Anachostahili ni kwamba lililoyachagua, likiwa la mtu au la mtambo, liwe limesahihishwa.

Kwa hiyo karatasi ile ikifika tena mezani, na tarakimu zake tatu au nne, tunashauri isitiwe sahihi mpaka yajulikane mambo manne: ilipimwa wapi, kwa chombo gani, ililinganishwa na nini, na nani aliulizwa kabla ya kupimwa. Tarakimu isiyo na majibu hayo ni sawa na mita zetu mia nne za siku ile kilimani: ilitamkwa kwa sauti kubwa, na mti ulikuwa mbali zaidi.